Mwalimu Sikujua, mtu aliyetuletea Muyaka

Kama umesomea Mombasa, jina la Muyaka bin Haji umelisikia. Mwalimu wa Kiswahili analitaja kwenye mada ya historia ya ushairi, wewe unaliandika kwenye daftari, maisha yanaendelea. Lakini kuna hesabu moja ndogo ambayo mimi sikuwahi kufanyiwa darasani. Muyaka alizaliwa karibu 1776, akafariki karibu 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940. Toa hapo. Miaka mia moja, mzee. Wakati wa uhai wake hapa Mvita hapakuwa na mtambo wa kuchapa, hapakuwa na gazeti, hapakuwa na maktaba ya umma. Sasa hayo mashairi yalikaa wapi miaka yote hiyo?

Jibu fupi ni kwamba yalikaa vichwani mwa watu. Na jibu refu lina jina la mtu: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890.

Ndiyo, jina lake ni Sikujua. Watu wa pwani wanajua haya majina, kama Sikudhani, Tabu na Mashaka, mtoto anapewa jina kulingana na hali iliyokuwepo siku anazaliwa. Al-Batawi nayo inaelekeza Pate. Utani wa "Sikujua aliyejua kuliko wote" ushafanywa, kwa hiyo tuupite. Ninachotaka kusema ni hiki: huyu bwana ndiye mwanahistoria wa fasihi wa kwanza wa mji huu ninayeweza kumtaja kwa jina na kazi yake nikaionyesha, na bado tunamtaja kama msaidizi wa mtu mwingine.

Najua "mwanahistoria wa fasihi" linasikika kama cheo cha mtu mwenye miwani minene chuo kikuu. Hebu nitoe mfano wa mbali kidogo, utaona kwa nini. Urusi walikuwa na mshairi wao, Alexander Pushkin, aliyezaliwa 1799 na kufariki 1837. Yaani yeye na Muyaka walikuwa hai wakati mmoja. (Na kwa wanaopenda mambo haya: babu wa mama yake Pushkin, Abram Gannibal, alitoka Afrika.) Pushkin alipokufa akaja mtu mmoja anaitwa Pavel Annenkov. Annenkov akapata makaratasi ya marehemu kupitia familia ya mjane wake, akaketi nayo, akayapanga, akaandika maisha ya mshairi, na kuanzia 1855 akatoa kazi zake kwa mpangilio: shairi hili ni la mwaka fulani, hili aliandikiwa fulani, hili lilikuwa na maana hii. Leo ukisoma kuhusu Pushkin, lazima utakutana na Annenkov. Nchi ile ina mpaka taasisi nzima kule Saint Petersburg, Nyumba ya Pushkin, inayotunza miswada yake.

Sasa linganisha. Annenkov alikuwa na masanduku ya karatasi. Sikujua alikuwa na wazee.

Ili uone ugumu wa kazi hiyo, lazima ujue Mombasa ya Muyaka ilikuwaje. Ilikuwa chini ya Wamazrui, waliokaa Ngome ya Yesu na kutawala mji kama wao wenyewe, bila kumsikiliza mtawala wa Oman. Seyyid Said wa Oman akaamua Mombasa lazima iinamishwe. Karibu 1812 Mombasa na Pate wakaenda kupigana na Lamu pale Shela, wakashindwa vibaya. Lamu ikakimbilia kwa Seyyid Said. Mwaka 1824 Waingereza wakaja kupitia kwa Kapteni Owen, bendera yao ikapepea hapa miaka miwili, kisha 1826 wakaondoka. Baada ya hapo ni vita, mapatano, kuvunja mapatano, vita tena, hadi 1837 Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Seyyid Said na wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa. Wengi wao walipelekwa Bandar Abbas, hawakurudi. Waliobaki wakahamia Gazi na Takaungu.

Ndani ya haya yote Muyaka alikuwa anatunga. Alikuwa mtu wa upande wa Mazrui, na mashairi yake yalikuwa silaha. Lamu walikuwa na Zahidi Mngumi wao, Mombasa ilikuwa na Muyaka. Shairi linatungwa huku, linasafiri na jahazi, kule linajibiwa, jibu linarudi. Wakati huohuo alikuwa anatunga kuhusu mapenzi, kuhusu njaa, kuhusu marafiki wanaokutoroka ukifilisika. Watafiti wanamsifu kwa kuutoa ushairi kwenye mambo ya dini pekee na kuuweka katikati ya soko na baraza. Beti za mistari minne, mizani kumi na sita kwa mstari, Kimvita kitupu.

Sasa fikiria mwaka 1838. Upande wako umeshindwa. Mabwana uliokuwa ukiwatungia wako gerezani ng'ambo au wamehama. Ngome ina askari wa sultani wa Zanzibar. Nani atakaa chini kunakili kwa uzuri mashairi yaliyomtukana huyo sultani? Ushairi wa upande ulioshindwa haupati mtunzaji rasmi. Unabaki kwa anayeupenda, anaukariri barazani, anausahau mstari mmoja, anaupachika mwingine, halafu anakufa nao.

Na miaka haikuwa mitulivu. Mwaka 1875 Mombasa ilikuwa tena kwenye moshi: Akida Muhammad bin Abdallah alijifungia Ngomeni akimuasi sultani, na meli za Waingereza zikaipiga ngome kwa mizinga. Sikujua aliishi katika mji huo. Alipoanza kukusanya Muyaka, watu waliomwona Muyaka kwa macho walikuwa wazee wa mwisho mwisho. Miaka ya 1880, mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini Mombasa ilipoanguka alikuwa anakaribia sabini. Ungechelewa miaka kumi na mitano tu, basi.

Alichofanya Sikujua ni kuyatafuta mashairi kwa waliokuwa bado wanayakumbuka na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika lugha yao kwa karne nyingi. Lakini hakuishia kwenye mashairi. Pamoja nayo yalikuja maelezo: hili lilisemwa wakati gani, alilengwa nani, ugomvi ulikuwa gani, neno hili hapa linamaanisha nini.

Hapo kwenye maelezo ndipo nataka tukae kidogo, maana watu huwa wanaruka.

Chukua leso. Kanga, kama wewe ni wa upande mwingine. Bibi mmoja Kibokoni ananunua leso, anaivaa, anapita mbele ya mlango wa jirani. Maneno yaliyo kwenye leso ni yale yale yaliyouzwa kwa watu mia nyingine Biashara Street. Ukiyasoma peke yake ni methali ya kawaida, unaitikia kichwa, unasonga. Lakini mtaa mzima unajua jana kulitokea nini kati ya hao wawili, na kwa hiyo mtaa mzima unasikia kofi. Ukiihifadhi hiyo leso kwenye jumba la makumbusho miaka mia mbili bila kuandika jina la jirani, umehifadhi kitambaa.

Muyaka ni hivyo hivyo. Mashairi yake yamejaa mafumbo. Akitaja chombo baharini, huenda ni chombo, huenda ni dola. Akimsema mwanamke, huenda ni mwanamke kweli, huenda ni mji. Mtu wa Mombasa wa 1830 alicheka au alikasirika papo hapo. Sisi bila mtu wa kutuambia tungebaki na maneno matamu tu, kama anayesikiliza wimbo wa kurushiana vijembe wa wasanii wawili asiowajua. Sikujua alituachia jina la jirani. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria wa fasihi, na kazi hiyo aliifanya kwenye mji huu bila cheo chochote zaidi ya Mwalimu.

Sasa tuje kwa mzungu, maana kwenye hadithi za pwani huwa hakosekani.

William Ernest Taylor, aliyezaliwa 1856, alikuwa mmishonari wa Church Missionary Society. Alifika Afrika Mashariki 1880. Tofauti na wengi, alikipenda Kimvita kwa dhati, akakisoma kwa kina, na kati ya waliomfundisha ni Mwalimu Sikujua. Fikiria hiyo picha. Mmoja amekuja kuwageuza watu wa Mombasa wawe Wakristo. Mwingine ni mwanachuoni wa Kiislamu na mshairi. Wanakaa pamoja juu ya mashairi ya mtu aliyekufa miaka arobaini iliyopita, mmoja anaandika na kueleza, mwingine anauliza, ananakili kwa herufi za Kirumi, anaweka alama pembeni. Sikujua akafariki 1890. Mwaka uliofuata, 1891, Taylor akachapisha kitabu chake cha methali za Kiswahili. Makaratasi ya Muyaka yakaondoka naye.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo watu wa umri wetu hatulioni kwa sababu tumekulia kwenye a-e-i-o-u. Uandishi wa Kiswahili wa zamani kwa herufi za Kiarabu ulikuwa na herufi moja, be, ambayo mwandishi angeweza kuitumia kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Irabu i na e zilikuwa na alama moja. U na o vilevile. Kwa hiyo neno "bibi" na neno "pembe" yangeweza kuandikwa sawasawa kabisa. Si utani. Ukikuta neno hilo kwenye karatasi ya kale, kinachokuambia kama ni nyanya wa mtu au ni pembe ya ndovu ni akili yako, mizani, na mtu anayejua shairi lenyewe. Maana yake, hata karatasi ingekuwepo bila Sikujua, mgeni hangeweza kuisoma kwa uhakika. Karatasi ilimhitaji msomaji aliyekuwa ameyasikia maneno yenyewe.

Baada ya hapo safari inakuwa ya ajabu kidogo. Taylor alifariki 1927. Makaratasi yake yakaishia London, kwenye chuo kinachoitwa SOAS, na bado yako huko. Mtu mwingine, William Hichens, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huku kwetu, akayafanyia kazi akisaidiwa na Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa, na mwaka 1940 ikatoka Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Ilichapishwa wapi? Johannesburg, na chuo kikuu cha Witwatersrand. Mji wa Johannesburg ulianzishwa 1886. Yaani mashairi ya Mombasa yalichapishwa kwenye mji ambao Muyaka asingeweza hata kuusikia kwa sababu haukuwepo.

Hinawy simwachi hivi hivi. Alizaliwa 1896, akawa Liwali wa Mombasa na baadaye Liwali wa Pwani nzima, akafariki 1959. Alikuwa mkusanyaji wa miswada, na 1950 alitoa kitabu kuhusu yule Akida wa Ngomeni, chenye utenzi wa Abdallah bin Masud Mazrui juu ya kisa hicho. Ukiingia Mji wa Kale leo ukielekea msikiti wa Mandhry, unapita kwenye barabara yenye jina lake, Sir Mbarak Hinawy Road. Zamani ile barabara ilikuwa ya Vasco da Gama. Mimi nafurahi kila nikipita hapo, kwamba jina la Mreno limetoka na la mtu aliyetunza utenzi limeingia. Ila nimezunguka Mji wa Kale kuanzia Ndia Kuu hadi Kuze mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kibao cha Mwalimu Sikujua bado sijakiona.

Hebu nitaje Ndia Kuu vizuri, kwa sababu hilo jina lina historia yake kamili. Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa Njia Kuu. Kimvita ni ndia. Mato, si macho. Mtanga, si mchanga. Ndoo hapa, si njoo. Mwaka 1928 wakoloni walifanya mkutano kuamua Kiswahili kipi kitakuwa cha shule na vitabu Afrika Mashariki nzima. Wamishonari waliokuwa Mombasa walikuwa na hoja zao: Krapf alifika hapa 1844 na kamusi yake, iliyotoka 1882, ilisimama juu ya Kimvita, na Taylor naye alikuwa amekipigania Kimvita miaka yote. Upande wa pili kulikuwa na Kiunguja. Kiunguja kikashinda. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa. Walikuja kutunyima kwetu nyumbani.

Sina chuki na Kiunguja, na hii makala ninaiandika kwa Kiswahili cha shule kama wewe unavyoona. Lakini tuseme ukweli kuhusu madhara yake. Kuanzia hapo Kimvita kikawa "lahaja", kitu cha kusahihishwa na kalamu nyekundu. Mtoto wa Mji wa Kale anaandika "ndia" kwenye insha, anapigiwa mstari. Halafu mtoto huyo huyo anafika kidato cha tatu anaambiwa Muyaka ni mkubwa wa washairi wote wa Mombasa, na hawezi kumsoma bila maelezo ya chini ya ukurasa, wakati nyanya yake nyumbani angeyasoma yale maneno bila shida yoyote. Kizazi cha Sikujua kilikuwa daraja kati ya Muyaka na karatasi. Baada ya 1928 daraja la lugha lilianza kubomolewa kutoka upande wetu.

Aliyelijenga tena kidogo ni Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mtu wa Mombasa, aliyefundisha isimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1979 alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, kikachapishwa Nairobi na Kenya Literature Bureau, mashairi yakiwa na tafsiri ya Kiingereza na historia ya mji. Hicho ndicho kitabu utakachokipata ukienda kutafuta Muyaka kwa dhati. Na ndani yake Sikujua yupo. Ninasisitiza hilo ili mtu asiniambie nimegundua siri. Wasomi wanamjua. Jina lake liko ndani ya vitabu. Haliko kwenye jalada, haliko kwenye somo la darasa, haliko kwenye midomo yetu. Darasani utasikia "mashairi ya Muyaka yalikusanywa na mmishonari Taylor", nukta, mada inayofuata.

Kuna hoja ambayo huwa naambiwa nikianza stori hii, na si hoja ya kijinga. Inasema hivi: bila Taylor karatasi zingeoza. Unyevu wa pwani, mchwa, mafuriko, watoto wanaofungia maandazi. Nyumba ngapi za Mji wa Kale zilikuwa na masanduku ya miswada na leo zina vumbi tu? Taylor alizipeleka mahali pakavu, zikapona, na leo chuo kile kimeweka miswada mingi ya Kiswahili mtandaoni unaweza kuifungua na simu yako ukiwa umekaa Lighthouse unakula mihogo. Kwa hiyo tumshukuru mzungu.

Sawa. Tumshukuru. Karatasi ilipona London, nakubali kwa moyo mweupe. Lakini karatasi ilikuwa hatua ya pili. Hatua ya kwanza ilikuwa mtu kujua mzee gani ana shairi gani, kuaminiwa na huyo mzee hadi akalitoa, kulisikia likiwa na kasoro na kugundua kwamba lina kasoro, kujua kwamba ubeti huu ni jibu la ubeti ule na hivyo visitenganishwe. Mgeni aliyefika 1880, hata awe hodari vipi, hana miaka hiyo. Hana shangazi wa kumuuliza. Kazi ya kukusanya ilikuwa ya Sikujua, kazi ya kuhifadhi ikawa ya Taylor, na sisi tumemwandikia Taylor zote mbili kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na sanduku la kusafiria.

Na si Muyaka pekee. Utendi wa Inkishafi, ule wa magofu ya Pate, uliingia kwenye vitabu vya Ulaya kwa njia ya Taylor pia: mwaka 1915 toleo lake lilitoka mwishoni mwa kitabu cha sarufi cha Stigand, na 1939 Hichens akatoa lake London. Majina kwenye majalada ni hayo. Ukitaka kujua nani walikariri, nani walinakili, lazima ufunue kurasa za ndani, mahali wanapoandika shukrani kwa herufi ndogo. Nimeanza kuwa na tabia hiyo. Kitabu chochote cha zamani kuhusu pwani nikikishika, nasoma kwanza shukrani. Historia ya fasihi yetu imejificha kwenye shukrani za watu wengine.

Baadaye mambo yalibadilika kiasi. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, aliishi London na kufanya kazi na miswada hiyo hiyo ya Kiswahili pale SOAS, na akiandika pamoja na P. J. L. Frankl jina lake lilikuwa kwenye jalada. Mwaka 1998 walitoa pamoja kitabu cha maandishi matatu ya nathari kwa Kiswahili cha Mombasa. Alifariki 2008. Ona kichekesho chake lakini: ilibidi mtu wa Mombasa aende Uingereza kusoma karatasi za Mombasa.

Na huku nyumbani tulikuwa na Ustadh Ahmad Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu 1927, akaishi miaka mingi Mombasa hadi kifo chake 2017. Elimu yake ya ushairi alianza kuipata kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa mshairi mwenyewe. Wasomi kutoka Ulaya walipanga foleni kwake. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, shairi zima la namna jahazi la Lamu linavyoundwa, na Umbuji wa Mnazi, 1985, mnazi kuanzia mizizi hadi kilele, kusudi yale maneno ya mafundi na wakwezi yasipotee. Ukisema "runinga" au "tarakilishi", hayo ni maneno yanayohusishwa na yeye. Wengi wetu tulikuwa tunacheka tarakilishi shuleni. Mtu aliyekuwa na maneno ya kale yote kichwani ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuunda mapya, sisi tulikuwa na Kiingereza tu cha kuazima.

Nikimtazama Nabhany ndipo nauona mstari mrefu: Sikujua, Hinawy, Abdulaziz, Yahya, Nabhany. Si lazima wawe walikutana. Kila mmoja alipokea kitu kwa mdomo akakitia kwenye wino kabla mdomo haujafunga.

Kwa nini namlilia Sikujua sasa hivi, mwaka huu, wakati watu mna kodi za nyumba za kuwaza? Kwa sababu kazi yake imekuwa rahisi kuliko wakati wowote na karibu hakuna anayeifanya. Kila simu ni kinasa sauti. Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia za Mombasa mashairi yanazunguka kila siku: ya harusi, ya siasa, ya msiba, ya kumpiga vijembe diwani wa wadi. Mtu anatuma sauti ya mzee anaghani, dakika mbili, safi kabisa. Inasambazwa. Imesambazwa mara nyingi, simu yenyewe inakuandikia hivyo juu yake. Nani alitunga? Kimya. Alimwambia nani? Kimya. Mwaka gani? Wanaweka vikaragosi vya kulia machozi. Tumekuwa hodari wa kuhifadhi vitambaa. Jina la jirani hatuandiki.

Nami nimeanza na wa nyumbani. Nyanya yangu ana shairi moja la beti tano ambalo hulighani akiwa anachambua mchele, na maisha yangu yote nilidhani ni la mapenzi. Mwezi uliopita nilimrekodi, halafu nikamuuliza, "Nyanya, hili lilitungiwa nani?" Akanitazama. Akanitajia jina la mtu, mtaa, na kilichotokea siku ya harusi fulani kabla ya uhuru. Nimeandika yote kwenye daftari, tarehe na kila kitu. Hapa siwezi kulitaja, amenikataza, anasema wajukuu wa yule bibi bado wako Kibokoni na mmoja ndiye anayetuuzia mkate wa mofa.